Pango la Kolelo na Ustaarabu Unaotafutwa Kwingine

Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ina jina ambalo Mluguru hahitaji kufasiriwa. Matombo ni matiti, na majabali yaliyoipa nchi hiyo jina yanatosha kuwa ushahidi. Vijito vya milima hiyo huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Wenyeji hufuata ukoo wa mama. Ardhi ni ya lukolo, na lukolo huhesabiwa kwa akina bibi. Katika milima hiyohiyo, Kolero, liko pango ambalo kwa vizazi vingi Waluguru, Wakutu na Wazaramo waliliendea kuomba mvua. Mwenye pango aliitwa Kolelo, na masimulizi yanasema alikuwa nyoka mkubwa.

Mahali kama hapa ndipo panapotamaniwa na waandishi wa kile kiitwacho ustaarabu uliopotea: milima yenye ukungu, mawe yenye maumbo, pango, nyoka, na watu ambao vitabu vya shule havijawaandikia historia ndefu. Hata hivyo hawajafika. Wao huenda kwenye mawe makubwa zaidi, na kutofika kwao Matombo kunafundisha mengi kuhusu nadharia zao kuliko kurasa zao wenyewe.

Nadharia hizo zikisomwa kama fasihi, maana ndivyo zinavyostahili kusomwa, zina muundo mmoja usiobadilika. Palikuwa na watu wenye elimu kuu. Ikaja gharika. Wachache wakanusurika, wakapanda mashua, wakawafundisha watu wa nchi nyingine kilimo, nyota na ujenzi, kisha wakatoweka. Plato alikuwa na Atlantis yake kama mfano katika mjadala wa dola njema. Ignatius Donnelly, mwaka 1882, akaigeuza kuwa historia, na Graham Hancock akaivika nguo mpya katika Fingerprints of the Gods mwaka 1995 na katika mfululizo wa filamu wa mwaka 2022. Hancock ni mwandishi hodari wa safari. Anajua kumshika msomaji mkono na kumtembeza gizani. Lakini msomaji wa ushairi hachelewi kugundua kasoro: katika hadithi hii mwenyeji daima ni mwanafunzi. Yupo ili apokee. Hana jina, hana mzaha, hana kosa lake mwenyewe.

Afrika imeionja hadithi hii mapema. Karl Mauch alipoyaona magofu ya Zimbabwe mwaka 1871 aliyatia mikononi mwa Malkia wa Sheba, na ilihitajika kazi ya David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha ya Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, kuyarejesha kwa waliyoyajenga. Leo Frobenius aliviona vichwa vya Ife akatangaza kwamba ameipata Atlantis. Na bado haijesha. Kuta za Bokoni, huko Mpumalanga, Afrika Kusini, ambazo wanahistoria na wanaakiolojia wamezionyesha kuwa makazi na mashamba ya wakulima wa karne chache zilizopita, zimeandikiwa vitabu vinavyodai kuwa na umri wa miaka 200,000 na kujengwa kwa amri ya viumbe walioshuka kutoka angani kuchimba dhahabu. Mkulima wa Bokoni ameporwa hata jasho lake.

Msomaji wa pwani asicheke upesi. Kiswahili chenyewe kina deni hapa. Neno ustaarabu limebeba nadharia tumboni: kustaarabika, kwa asili yake, ni kuwa kama Mwarabu. Anayekimbilia utamaduni hakimbii mbali, kwani shina lake la Kiarabu ni lile la madina, yaani mji. Kwa hiyo mfasiri anayetaka kuandika "ustaarabu uliopotea" amekwisha kusema, kabla ya kufika kwenye kitenzi, kwamba kilichopotea ama kilikuja na jahazi ama kilikuwa na kuta. Pango la Kolelo halina kuta wala jahazi. Ndiyo maana kwa karne nyingi mwungwana wa mwambao alilitia katika kapu moja la ushenzi pamoja na kila kilichokuwa nyuma ya minazi yake, huku misafara ikipita chini ya milima hiyohiyo. Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliikuta Zungomero, kituo kikubwa cha misafara katika nchi ya Wakutu, kusini ya Uluguru. Nani leo anaiimba Zungomero? Njia ya biashara ilihama, na mji ukahama nayo. Huo nao ni mji uliopotea, ila haukuzamishwa na bahari, basi hauna washairi.

Kosa hili halikuwa la maadui peke yao. G. W. B. Huntingford aliandika mwaka 1933 juu ya "ustaarabu wa Azania" akikusanya matuta, mifereji na duara za mawe za nyanda za juu, na kuzikabidhi kwa watu waliokwisha kutoweka. Basil Davidson, rafiki wa kweli wa Afrika, akaichukua Azania hiyo katika Old Africa Rediscovered mwaka 1959 kwa nia njema kabisa: alitaka kuonyesha ukuu. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ikawa mji wa fumbo. Baadaye John Sutton akaonyesha kwamba hapo palikuwa na vijiji vya wakulima waliomwagilia mashamba kwa mifereji tangu kama karne ya 15 hadi ya 18, kisha wakaondoka, na kupungua kwa maji ni sababu mojawapo. Fumbo likapungua, elimu ikaongezeka. Kujua namna ya kugawana kijito kimoja kwa mamia ya mashamba bila kumwaga damu ni elimu ya kale hasa. Lakini haipambi jalada la kitabu.

Matombo ina mfano wake wa matuta, na ni mfano mchungu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, ikiamini kwamba mwenye mlima hajui mlima wake. Watu walilalamika kwamba kazi ni nzito na udongo mzuri unafukiwa chini ya udongo usio na rutuba. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakaingia, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kisa hicho mwaka 1960, na Peter Pels akakirudia kwa jicho jingine mwaka 1999. Sasa tujaalie mtembezi wa miaka 1,000 ijayo akute ngazi za udongo katika mlima usio na watu. Atasema nini? Atasema hapa palikuwa na mabwana wa elimu kuu walioufundisha umma mjinga kulima. Na lililo kejeli ni kwamba atakuwa ameyarudia maneno ya mabwana shamba wa mwaka 1950, karibu neno kwa neno.

Kolelo mwenyewe anasimulia vingine. Martin Klamroth, mmisionari Mjerumani aliyeishi na Wazaramo, aliandika miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji masimulizi ya mwanamke aliyechukuliwa na nyoka akawa mkewe pangoni, na jinsi watu wa ukoo wake walivyokuwa walinzi wa mahali hapo. Katika hadithi hii mgeni mwenye elimu hateremki na mashua. Anatoka ardhini, na mlango wa elimu ni mwanamke mwenye ukoo unaojulikana. Nyoka anaoa, anaingia katika utani, katika wajibu wa mkwe. Elimu ikishapokelewa ina mwenyewe wa kuulizwa, na mvua isiponyesha yupo wa kulaumiwa. Hilo ndilo Atlantis haina. Kwa mizani ya ushairi, Kolelo ni beti iliyotimia vina, na Atlantis ni kibwagizo kinachorudiwa bila shairi.

Kisha ukaja mwaka 1905. Kusini, Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akitoa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Uzaramo habari zilienea kwa jina la Kolelo: kodi isilipwe, na gharika itawazoa wageni pamoja na wanaowafuata. Hapa pana gharika ya kweli ya kifasihi. Katika vitabu vya ustaarabu uliopotea gharika huwa nyuma, imekwisha kutokea, na aliye hai hubaki kuomboleza. Kolelo aliiweka mbele, ikamhusu mkusanya kodi. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alilielewa jambo hili kuliko wanahistoria wengi: aliuliza neno la mzimu linawafanya nini watu likishatoka kinywani, na hakusumbuka kuliundia asili ya mbali.

Upande wa pili wa sarafu uko Unguja. Felix Chami, mwanaakiolojia ambaye jitihada zake zimeifanya pwani ijitazame upya, alichimba pango la Kuumbi karibu na Jambiani na kudai kwamba mifupa ya kuku na ya wanyama wa kufugwa iliyopatikana humo ni ya kama miaka 5,000 iliyopita. Katika vitabu vyake pwani hii inaunganishwa na Misri ya mafirauni na dunia ya Kirumi. Watafiti waliochimba tena mwaka 2012 hawakuupata ufugaji huo wa kale. Walichokikuta ni wawindaji wa enzi za mawe, pango kuachwa kwa maelfu ya miaka, kisha watu kurudi katika zama za chuma. Hamu ya Chami inaeleweka, na ni ya heshima zaidi kuliko ya Mauch, kwani yeye anampa mwenyeji nafasi ya mwalimu. Lakini kwa nini heshima ya Mwafrika ipimwe tena kwa Firauni? Mwindaji wa Kuumbi hakuhitaji cheti cha Misri. Ndivyo ilivyo hata kwa Rhapta, ambayo mwaka 2016 magazeti yaliitangaza kuonekana chini ya maji karibu na Mafia. Mahali pake hadi leo hapajathibitishwa.

Na pwani ina kipimo chake cha magofu, kilichotangulia Hancock na Huntingford. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unatembea ndani ya majumba ya Pate yaliyoanguka. Mshairi hana fumbo la kutatua. Anajua nani alilala wapi, taa ziliwashwa wapi, na wadudu na ndege gani wamerithi sebule. Huzuni yake ni kubwa kwa sababu waliokufa ni wa kwao. Mwandishi wa ustaarabu uliopotea hawezi huzuni hii. Wafu wake hawana jamaa.

Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya Waswahili ulionyesha kwamba kwa wengi nasaba ya kike ilikuwa ya Kiafrika, na ya kiume kwa kiasi kikubwa ya Kiajemi, ikichanganyika tangu kama mwaka 1000. Wasimulizi wa Kishirazi walioshikilia habari za wageni kutoka Uajemi hawakusema uongo mtupu. Walihesabu upande mmoja. Upande wa mama waliuacha bila kuandikwa, na huo ndio upande ambao Matombo, kwa lukolo lake na kwa jina la mlima wake, haukuacha kuuhesabu.