Kahawa Haiongezi Nguvu, na Neva Si Waya

Ukifika Mapera, wilayani Mbinga, utaikuta kahawa ya arabika shambani kabla hujaikuta kikombeni. Sasa muulize mwanafunzi anayekesha na kikombe chake: kahawa inafanya nini? Atakujibu, "Inaongeza nguvu." Jibu lina kasoro, ila lawama si yake. Ni ya mfano tunaofundishia: neva ni kama waya wa umeme.

Mfano huo una ukweli wake. Mwaka 1952 Hodgkin na Huxley, wakitumia neva ya ngisi, walieleza kwamba umeme huu ni ayoni za sodiamu na potasiamu zinazopita kwenye utando wa seli. Lakini waya hauamui chochote. Seli ya neva inaamua, na kemia iliyo ndani yake ndiyo inayoamua nayo. Paul Greengard alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2000 kwa kuichunguza kemia hiyo.

Chukua uchovu. Unapokuwa macho kwa muda mrefu, adenosini hujikusanya ubongoni, nje ya seli. Inajipachika kwenye kipokezi cha utando, na kwa ndani inaamsha protini iitwayo G. Kipande kimoja cha protini hiyo kinapunguza utengenezaji wa saikliki AMP, mjumbe wa ndani ya seli. Kingine kinafungua milango ya potasiamu. Potasiamu ikitoka, ndani ya seli panazidi kuwa hasi, na seli inakuwa nzito kuwasha umeme. Unasinzia.

Kafeini inafanya nini? Inakalia kiti cha adenosini bila kuamsha chochote. Haijaongeza nguvu, imezuia tu taarifa ya uchovu isifike.

Kuna kosa jingine, hili ni la wajuaji: eti kafeini hukuamsha kwa kuzuia saikliki AMP isivunjwe. Maabara inaonekana kweli, lakini kwa kiwango kikubwa sana kuliko cha vikombe vyako viwili.

Mbona nang'ang'ania? Kwa sababu anayeamini amepata nguvu anaacha kulala, kisha anaingia kwenye mtihani. Baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini imeshaondoka mwilini, na adenosini bado ipo, inakisubiri kiti. Kinachoipunguza ni usingizi.

Kwa hiyo mwalimu, waya uuchore ubaoni, sawa. Ila kabla hujafuta, mwambie mwanafunzi kwamba ndani yake kuna kemia inayoamua umeme upite au usipite.