Simbu alivyobakiza kasi: somo kwa wakimbiaji wa Kigoma

Tarehe 15 Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia kwa muda uleule wa saa 2:09:48. Simbu akatwaa dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, miguu hupata wapi kasi ya kufyatukia utepe? Sehemu ya jibu imo katika lakteti.

Misuli ikivunja sukari kwa haraka, huzalisha lakteti. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa taka inayochosha mwili, na hata maumivu ya siku ya pili yalisingiziwa lakteti, ilhali saa moja hivi baada ya mazoezi makali huwa imekwisha kuondoka damuni. Kuanzia miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kuwa lakteti ni chanzo cha nishati. Nyuzi za misuli zenye kasi huizalisha. Nyuzi za mwendo mrefu pamoja na moyo huichoma, na ini huigeuza tena kuwa glukosi.

Uwezo huo wa kuichoma hujengwa na mazoezi ya mwendo wa wastani. Baada ya wiki kadhaa, mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, huongezeka ndani ya misuli, mishipa midogo ya damu huzidi, na protini zinazopitisha lakteti kutoka seli hadi seli huwa nyingi. Mkimbiaji akirudia kasi ileile ya zamani, lakteti damuni hupungua, hasa kwa sababu mwili unaitumia upesi zaidi. Kwa hiyo kasi anayoweza kuishikilia bila lakteti kulundikana hupanda, na mwishoni hubaki na akiba.

Kijana wa Kigoma anayetoka kila jioni kuelekea Ujiji kwa kushindana na wenzake hujinyima faida hiyo, kwani huchoka kabla hajakusanya kilomita za kutosha. Siku nyingi za wiki akimbie kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi fupi, ila si kuimba. Kilima cha kutoka ziwani kupanda Mwanga akiwekee siku moja au mbili za kazi ngumu.

Makocha wa shule na vilabu vya Kigoma, wazuieni vijana kukimbia kwa pupa kila siku. Wapeni miezi ya mwendo wa wastani kwanza, kisha ndipo muwadai kasi.