Gede, Ndani ya Kuta na Nje ya Kuta

Wengi waendao Gede, kusini ya Malindi, hulitazama jumba la mfalme na msikiti mkuu, wakastaajabia mizizi ya miti iliyozikumbatia kuta, kisha wakarudi zao wakisema wameuona mji uliopotea. Neno hili "uliopotea" lataka kuulizwa. Ulimpotea nani? Sir John Kirk alifika hapo mwaka 1884, na serikali ikautangaza kuwa mahali pa historia mwaka 1927. Lakini wenyeji wa kando ya msitu hawakuzingoja tarehe hizo ndipo wajue kwamba pana magofu. Walikuwa wakiyajua na kuyacha.

James Kirkman alianza kuchimbua Gede mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kumi hivi. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu, na lau si yeye tungekuwa na vichaka tu. Ndiye aliyetusomesha kaburi lenye tarehe ya 802 ya Hijria, yaani 1399 ya Miladi. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gede mji wa Kiarabu katika jina lake lenyewe, na hapo ndipo ninapoachana naye. Watu wa Gede walikuwa Waislamu, na biashara yao ilifika mbali; lakini kutoka hapo hata kusema kwamba wenye mji walikuwa wageni ni kuruka ngazi nyingi. Mawe yao ni matumbawe ya pwani hii hii. Chokaa yao ilichomwa papa hapa. Juu ya tao la mlango wa msikiti umechongwa mkuki, alama ambayo mtu hana haja ya kuvuka bahari kuitafuta. Wataalamu waliokuja baadaye wameuhesabu Gede kuwa mji wa Waswahili, na hoja zao zina nguvu zaidi.

Tuyatazame pia majina ya nyumba: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Majina haya ni ya wachimbuzi, wala si ya wenye nyumba. Kwa kuandikia kumbukumbu yanafaa sana. Kwa fikira yana hatari, kwa kuwa humzoeza mtazamaji kuuona mji kama ghala ya vitu vya ajabu. Aliyeushika mkasi ule hatajwi.

Upungufu mkubwa, lakini, ni ule wa macho yetu wenyewe. Ukuta wa nje ulizunguka eka kama 45. Ukuta wa ndani ulikusanya majumba ya mawe, pamoja na msikiti mkuu na jumba la mfalme. Baina ya kuta hizo mbili pana nafasi kubwa ionekanayo tupu, na mgeni huipita upesi kwa kudhani hapakuwa na kitu. Kumbe watu wengi wa mji wakikaa katika nyumba za udongo na fito zilizoezekwa makuti, ambazo hazikuacha gofu la kupigwa picha. Tena mji huu haukujengwa ukingoni mwa bahari, bali ndani, maili chache kutoka pwani, wenye msitu upande mmoja na hori ya Mida upande wa pili. Bakuli za sini zilitoka China, kweli; chakula kilichotiwa ndani yake hakikutoka huko. Kililimwa, kikavuliwa, kikachukuliwa kichwani hata langoni.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ulikuwa umehamwa. Hutajwa vita, na kuhama kwa mfalme wa Malindi kwenda Mombasa pamoja na Wareno mwaka 1593, na kupungua kwa maji. Mimi humsikiliza zaidi shahidi wa mwisho. Kisima cha msikiti mkuu kiliongezwa kina, na watu hawachimbi kwa furaha kisima ambacho tayari kina maji ya kutosha. Kuta mbili zaweza kumzuia adui. Maji yakishuka chini ya ardhi hazina la kufanya.

Mwaka 2024 Gede uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na wageni hawakosi kuongezeka. Wewe msomaji, ukijaliwa kwenda, usianze kwa jumba la mfalme. Anza kwa ukuta wa nje, upite taratibu mahali pale patupu, uchungulie visima kimoja baada ya kingine. Kisha, ukimaliza majumba, utoke ushuke mpaka Mida, ambako mikoko ingalipo.