Maji Yanayopanda na Kushuka

Kutoka mtaa wa Obunga hadi Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga si mbali. Watu wa Kisumu wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Wanaofika na hewa, damu au usaha kifuani ni wa kila namna: aliyelemewa na TB, aliyeanguka na bodaboda, aliyechomwa kisu. Daktari hupitisha mpira katikati ya mbavu, chini ya kwapa, kazi isiyochukua muda mrefu. Mpira huo hukaa siku kadhaa, na siku hizo ni za muuguzi.

Nilimtazama mmoja akianza zamu. Macho yangu yalikimbilia chupa ambamo mpira unaishia. Yake yalitulia kwa mgonjwa. "Baba, umeamkaje? Ukivuta pumzi, inachoma?" Akamhesabia pumzi dakika nzima, akamwangalia midomo na kucha. Kisha akanawa, akavaa glavu, akaufuata mpira kutoka ngozini kwenda chini, kiungo kwa kiungo.

Alibandua shashi taratibu. Akakagua kama nyuzi bado zimeushika mpira, akabonyezabonyeza ngozi ya pembeni kwa ncha za vidole, maana hewa iliyopenya chini ya ngozi hualika ikiguswa. Hakuna kitu. Akaweka shashi kavu na plasta, kisha plasta ya pili chini zaidi ubavuni, akiuacha mpira ulegee kidogo kati ya hizo mbili. Mgonjwa akijigeuza usingizini, kitakachovutwa ni plasta, nyuzi zibaki salama. Akaunyoosha mpira usijikunje wala kuning'inia, kwa kuwa penye bonde maji hutuama na kuziba njia.

Chupa iko sakafuni, chini ya kifua saa zote. Ndani yake bomba limezama sentimita 2 hivi kwenye maji safi, basi hewa inatoka na hairudi. Likizama mno, mgonjwa anataabika kuisukuma hewa. Likichomoza nje ya maji, kifua kinafyonza hewa ya wodini. Gotthard Bülau, daktari wa Hamburg, aliitumia njia hii katika karne ya 19. Haihitaji umeme, na kwetu hilo si jambo dogo.

Mke wa mgonjwa, anayekaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki, huko Obunga, aliyaogopa mapovu. "Mama," muuguzi akamwambia, "wewe ukiangalia mapovu ya mafuta unajua samaki ameiva. Haya pia yanasema." Akamwomba mzee akohoe. Mapovu machache yakatoka: pafu bado linavuja hewa, ndiyo sababu ya mpira kuwepo. Yakianza ghafla na yasikome, yeye hukagua viungo vyote, huenda kimoja kimelegea. Maji ya bombani yalipanda mzee alipovuta pumzi, yakashuka alipoitoa. Yakitulia tuli, ama mpira umejikunja au kuziba, ama pafu limefunguka lote. Muuguzi huyu habahatishi. Hutafuta mkunjo, kisha humwita daktari. Wala haukamui mpira kwa nguvu, kwa sababu mvuto wa kuukamua unaweza kuliumiza pafu. Akachora mstari kwenye plasta ya chupa, akaandika saa.

Walipokuja kumpeleka mgonjwa kupigwa picha ya kifua, kijana wa machela aliinua chupa aiweke kitandani, akaulizia koleo la kubana mpira. "Ishushe. Na hatubani." Alisema bila kupaza sauti, akaeleza: mpira unaotoa hewa ukibanwa, hewa hujaa kifuani, ikalisukuma pafu na moyo upande mmoja. Yeye mwenyewe akaibeba chupa chini ya machela, na chupa ndogo ya maji yaliyotakaswa mkononi. Kiungo kikifunguka njiani, ncha ya mpira itatumbukizwa humo.

Siku ya kuutoa mpira walikuwa wawili, mmoja wa kuvuta, mwingine wa kufunga uzi. Kabla ya kugusa chochote walimfanyisha mzee mazoezi: toa pumzi yote, izuie, haya pumua. Tena. Tena. Mara ya mwisho mpira ukatoka kwa mvuto mmoja, uzi ukakazwa, shashi ikabandikwa.

"Sista, mmemaliza?"

"Bado, baba. Kuna picha nyingine, na mimi nitakuhesabia pumzi mpaka jioni."