Kiazi Kinachoiva Mara Mbili

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaiva, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka kabisa. Sifa zake zimevuma zaidi Usukumani na Unyamwezini, lakini chakula hakijui mpaka wa mkoa: mashariki ya bonde la Wembere, kwa Wanyiramba wa Iramba na Mkalama mkoani Singida, viazi huanikwa pia kila kiangazi kinapoingia. Matobolwa si michembe, ingawa sokoni hukaa jirani. Michembe hutokana na kiazi kibichi, kilichoachwa kinyauke siku chache, kikamenywa, kikakatwa na kuanikwa bila kuonja moto. Ni chakula kizuri, na mwenye haraka huanika michembe. Matobolwa yana ufundi mkubwa zaidi, kwa kuwa yanahifadhi kitu kigumu kuhifadhika kuliko vyote jikoni, yaani chakula kilichokwisha kuiva. Kiazi kibichi bado ni kiumbe hai chenye ganda la kujilinda. Kikishachemshwa, ulinzi huo umekwisha. Kilichobaki ni wanga laini, sukari na maji, karamu tayari kwa kila kijidudu. Kukichukua kiazi cha namna hiyo mwezi Juni na kukila Desemba, bila friji wala umeme, ni kazi inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Sababu ya kufanya hivyo imo ardhini. Singida hupata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa kiasi cha milimita 500 hadi 800 hivi katika sehemu nyingi. Baada ya hapo ni ukame wa miezi sita au saba. Katika nchi zenye mvua nyingi, kama sehemu kubwa ya Uganda, mkulima huacha viazi shambani na kuchimba vya chakula cha siku hiyo. Singida hilo halidumu. Udongo ukikauka hupasuka, na katika nyufa hizo hupenya fukusi wa viazi vitamu, mdudu mdogo wa jamii ya Cylas, anayetaga mayai kwenye kiazi. Buu hutoboa mashimo, na kiazi hujibu kwa kutoa sumu chungu ya kujikinga. Uchungu huo hauondoki kwa kuchemsha, na una madhara kwa mtu na mfugo. Kwa hiyo viazi sharti vitoke ardhini kwa pamoja, na vikishatoka, kwenye joto la kawaida havikai zaidi ya wiki chache kabla ya kuoza au kuchipua. Wapo wanaovifukia shimoni pamoja na majivu, wakapata wiki kadhaa za nyongeza. Lakini njaa ya kijijini haiji wiki chache baada ya mavuno. Huja Desemba na Januari, jembe likiwa mkononi na ghala likiwa tupu.

Kazi huanza kwa kuchagua. Kiazi chenye tundu, chenye doa jeusi au chenye harufu ya uchungu huwekwa kando, kwa sababu kipande kimoja kichungu kinatosha kuharibu sufuria nzima miezi sita baadaye, wakati hakuna tena wa kumlaumu. Vinavyobaki hupangwa kwa ukubwa, vikubwa chini na vidogo juu, ili viive pamoja. Huoshwa vikiwa na maganda yake na kuchemshwa hivyo hivyo, maana ganda huzuia sukari isitoroke kwenye maji. Maji huanza yakiwa baridi, nayo huwa machache, sufuria ikafunikwa vizuri, moto ukawa wa wastani.

Utaratibu huo wa polepole una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Ndani ya kiazi kitamu mna kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, chenye kazi ya kuukata wanga kuwa sukari ya maltosi. Hakiwezi kufanya kazi vizuri mpaka wanga uvimbe kwa joto, jambo linaloanza kwenye nyuzi 60 hivi za selsiasi, na chenyewe huharibika joto likikaribia nyuzi 80. Kadiri kiazi kinavyokaa katikati ya vipimo hivyo viwili ndivyo kinavyozidi kuwa kitamu. Moto mkali hupita hapo mbio. Moto wa wastani hukaa. Mama wa Kinyiramba anayepunguza kuni chini ya chungu huku akiendelea na shughuli nyingine anakipa kimeng'enya muda wake, na utamu atakaoupata mwanawe siku ya njaa umetengenezwa katika dakika hizo.

Kuchemsha kabla ya kuanika kuna faida nyingine tatu. Mayai na mabuu ya wadudu hufa. Vimeng'enya vinavyofanya kiazi kibichi kilichokatwa kiwe cheusi navyo hufa, ndiyo maana matobolwa mazuri hubaki na rangi ya asali wakati michembe hupauka kuwa ya kijivujivu. Na kuni: sufuria moja kubwa iliyochemshwa Juni humwondolea mpishi moto mrefu wa siku nyingi baadaye, kwa kuwa kitakachobaki ni kulainisha na kupasha.

Kipimo cha kuiva hakina saa. Kijiti au ncha ya kisu ikipita hadi katikati kwa ukinzani mdogo tu, viazi huepuliwa na maji kumwagwa mara moja. Kisichoiva vizuri hukauka kikiwa na kiini cheupe cha ungaunga, kigumu kulainika tena. Kilichopitiliza humeguka mikononi. Hapa ndipo penye umahiri, na mtu hawezi kuujifunza kwa kusimuliwa. Hujifunza kwa kusimama karibu na sufuria ya mtu anayejua.

Viazi huachwa vipoe kabla ya kukatwa, na subira hiyo nayo si bure. Kiazi cha moto hunata kwenye kisu na kusagika. Kikipoa, wanga uliovimba hujipanga upya na kukaza, na nyama yake hukatika safi. Ni badiliko lile lile linalofanya kiazi kilicholala kiwe kigumu na kikavu kidogo asubuhi. Anayekilalamikia mezani hana budi kukishukuru ubaoni. Kisha ganda huvuliwa kwa vidole, kisu huchovywa kwenye maji, na kiazi hukatwa kwa urefu, unene usiofikia wa kidole chembamba. Vipande vyembamba mno huvunjikavunjika gunia likihamishwa. Vinene mno hukauka nje vikaficha unyevu ndani, na unyevu huo ndio ukungu wa kesho.

Katika hatua ya kuanika, Singida ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Mji wake uko kwenye mwinuko wa kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ya kiangazi ni kavu, na upepo wake ni mkali kiasi kwamba kwa miaka mingi umekuwa ukitajwa katika mipango ya kuzalisha umeme. Jua hutoa maji ndani ya kipande. Upepo huyaondoa juu yake. Penye majabali, na Singida majabali hayahitaji kutafutwa, vipande huanikwa juu ya mwamba uliofagiliwa na kuoshwa, ambao hutunza joto hata jua linapoanza kuinama. Hata hivyo kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, kikatandikwa mkeka au turubai safi, ni bora zaidi, kwani upepo hupita juu na chini, na kuku hawafiki kwa urahisi. Vipande havipandiani. Hugeuzwa mchana, hukusanywa jioni kabla ya umande na kuingizwa ndani. Kwa jua zuri, siku 3 hadi 5 zinatosha. Kilichokauka hakina sehemu laini kikipasuliwa, na ungo ukitikiswa vipande hulia kama vigae.

Kilo 100 za viazi vibichi hubaki robo hadi theluthi ya uzito huo, kwa sababu kiasi cha theluthi mbili au zaidi ya kiazi ni maji. Viazi vilivyohitaji mkokoteni sasa vinabebwa begani.

Wako watu wengine duniani waliofikia wazo hilo kwa njia zao. Katika jimbo la Ibaraki nchini Japani, viazi vitamu hupikwa kwa mvuke, humenywa, hukatwa na kuanikwa kwenye upepo wa baridi kali, navyo huitwa hoshi-imo. Unga mweupe unaojitokeza juu yake ni ile maltosi. Katika milima ya Andes, viazi mviringo hugandishwa na baridi ya usiku na kukamuliwa maji kwa miguu, vikawa chuño inayodumu miaka. Wateso wa Uganda hukausha viazi vitamu vibichi wakaviita amukeke. Anayedhani kwamba kuanika viazi ni dalili ya umaskini wa bara aangalie bei ya hoshi-imo katika maduka ya Japani.

Jua nalo lina hasara yake. Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama aina za Kabode na Mataya zinazolimwa Tanzania, huthaminiwa kwa karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya kurutubisha mazao ya aina hii. Lakini karotini huharibiwa na mwanga, na huendelea kupungua ghalani. Viazi hivi vikaushwe kivulini penye upepo au chini ya kitambaa chepesi, na viliwe mapema, kabla ya matobolwa meupe.

Adui wa ghala ni wawili: unyevu na wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana Tabora, mkoa jirani wa Singida, akaenea Afrika akitafuna mahindi na makopa, na viazi vilivyokauka havimshindi. Wazee walitumia vihenge vilivyokandikwa udongo na vyungu vilivyozibwa. Siku hizi mifuko ya kinga njaa, yenye matabaka yasiyopitisha hewa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: wadudu walio ndani humaliza oksijeni na kufa. Mfuko huo hauponyi kitu kilichofungwa kikiwa na unyevu. Kipande chenye ukungu hutupwa, wala hakioshwi kikarudishwa. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yote miwili ikipakana na Singida, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Yakiwa makavu na yamefungwa vyema, matobolwa hufika miezi sita na zaidi.

Viazi vya kuliwa kesho yake havihitaji safari hiyo ndefu, ila navyo vina masharti. Kiporo cha viazi huharibika taratibu bila kutoa harufu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemka, kisha huamka chakula kinapopoa polepole, na sumu mojawapo wanayoitoa haiondolewi na kupasha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, kiwekwe chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kizidi nyuzi 70 hadi ndani. Pasipo friji, busara ni kupika vinavyotosha na kuanika vilivyozidi. Vitakavyolazwa kwenye friji humwagwa maji, hutandazwa vipoe upesi, na huachwa na maganda. Kuvifungia vingali moto kwenye kitu kisichopitisha hewa na kuviacha nje ni kosa baya: mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu kutokana na mapishi ya viazi vilivyookwa ndani ya karatasi ya alumini na kuachwa mezani vikiwa vimefungwa hivyo. Asubuhi kiporo hupashwa kwa mvuke wa maji machache, na wanga uliokaza hulainika tena. Au hukatwa na kukaangwa kwa mafuta ya alizeti, zao ambalo Singida inajulikana kwalo nchi nzima.

Matobolwa hupashwa kwa namna yake. Watoto huyatafuna makavu njiani. Mezani, huoshwa vumbi, hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalegee, kisha hubandikwa na maji yale yale, kwa sababu sehemu ya utamu imeshaingia humo. Moto huwa mdogo na mfuniko haubanduliwi ovyo. Sukari iliyojikusanya hushika chini upesi na kuungua. Maji yakikaribia kukauka, hutiwa karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo, na hapo vipande hujaa, hung'aa na kunukia. Wengine huyachanganya na kunde au maharage, wengine huyala na maziwa mgando, wengine na chai ya rangi. Yasichemshwe hadi yapondeke. Kipande kiwe laini kwa jino na bado kishike umbo lake.

Chini ya gunia hubaki vipande vilivyovunjika na chenga. Hivyo hutwangwa kinuni, huchekechwa, na unga wake huchanganywa na wa mtama au uwele kwa uji wa watoto, usiohitaji sukari.