Rumba ya Mashindano na Rumba Yetu

Kuna dansi mbili zenye jina moja. Ya kwanza tunaicheza hapa Kamituga, mu harusi na mu sikukuu. Ya pili inachezwa mbele ya waamuzi, mwanaume akiwa na namba mgongoni. Zote mbili ni rumba. Tuzipime.

Chanzo chao kiko Kuba, kisiwa ambacho kilipokea watumwa wengi toka pande za Kongo. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú ilirekodi El Manisero kule New York. Ulikuwa wimbo wa son, lakini santuri ikaandikwa rumba. Santuri za namna hiyo zilipofika Léopoldville, wazee wetu wakasikia kitu cha nyumbani.

London ilishika njia yake. Mwalimu Monsieur Pierre alikwenda Kuba mwaka 1947, akarudi na hatua za kule. Wenzake walibisha sana, juu wao walikuwa wanafundisha rumba ya mraba. Mwaka 1955 namna ya Pierre ikakubaliwa: mguu unakanyaga 2, 3 na 4, ile 1 inabaki ya kiuno.

Tuseme haki: kazi hii si ndogo. Juu ya sheria hizo, Mjapani na Mwitalia wanaweza kucheza pamoja siku ya kwanza ya kuonana.

Lawama yetu ni mbili. Kwanza, macho: mchezaji anamchezea mwamuzi kuliko mwenzake. Pili, muda. Mu mashindano wimbo unapigwa dakika moja na nusu ao mbili, halafu unakatwa. Rumba yetu inaanza polepole, bibi na bwana wameshikana, wanasikiliza maneno. Kisha gitaa linafungua seben, watu wanaachana, hata mama mzee anaingia kati. Ukikata mbele ya seben, umekula bugali bila mboga.

Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mu urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Sasa kijana anayetaka kufundisha dansi atafundisha ipi? Sisi tunasema: achukue hesabu ya London, si vibaya, lakini aache wimbo uishe. Tangu siku za kampuni ya MGL, dhahabu yetu inatoka hapa, inapigwa chapa kwa wengine. Rumba isifuate njia ile.