Nauli Moja, Magari ya Aina Tatu: Namna Barbados Inavyosafirisha Watu

Dola tatu na nusu za Barbados humtoa abiria Bridgetown hadi Bathsheba, upande wa pili wa kisiwa, baada ya vilima na mashamba ya miwa. Dola hizohizo ndizo anazolipa anayeshuka Hastings, kilomita chache tu kutoka mjini. Nauli haiangalii umbali, na ukitaka kuelewa usafiri wa kisiwa hiki, pa kuanzia ni hapo.

Kisiwa chenyewe ni kidogo: urefu wake ni kama kilomita 34, na upana kama 23. Treni ilikuwapo, ikaanza kazi mwaka 1881 na kufungwa 1937. Tangu hapo anayetegemea usafiri wa umma hana njia nyingine ila barabara. Bodi ya Usafiri ya serikali iliundwa mwaka 1955, na leo inagawana abiria na watu binafsi wenye magari ya aina mbili.

Magari hayo hutambulika kwa rangi na kwa namba za usajili. Mabasi makubwa ya serikali ni ya buluu yenye mstari wa njano, na namba zake huanza na BM. Mabasi madogo ya watu binafsi ni ya njano yenye mstari wa buluu, namba zake zikianza na B. Aina ya tatu ni vipanya vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, vinavyoanza na ZR, na Wabarbados huviita kwa herufi hizohizo. Z ikisimama peke yake, hiyo ni teksi ya kukodi. Akishazijua herufi hizo, hata mgeni aliyefika asubuhi anajua gari lipi litamngoja konda ajaze viti na lipi litaondoka kwa ratiba.

Vituo navyo vimerahisishwa. Kibao cha kituo humwambia abiria jambo moja tu: gari linaelekea mjini au linatoka mjini. Mji ni Bridgetown, na karibu njia zote zinakutana huko. Mabasi ya serikali ya kusini na mashariki huanzia stendi ya Fairchild Street, na ya pwani ya magharibi na kaskazini huanzia Princess Alice. Kwa hiyo anayetoka kusini kwenda kaskazini mara nyingi hushuka mjini, akatembea kutoka stendi moja hadi nyingine, kisha akalipa nauli ya pili. Kituoni lazima apunge mkono. Dereva asiyeona mkono hupita.

Ndani ya gari tofauti huonekana wakati wa kulipa. Kwenye basi la serikali abiria hutumbukiza pesa kamili, kwa sababu chenji haitolewi. Kwenye ZR konda hukusanya noti mkononi, hurudisha chenji, huku akimsogeza mtu wa mwisho ili mwingine apate pa kukaa. Mara nyingi konda hupokea pia dola ya Marekani, na hesabu yake ni rahisi: tangu 1975 dola moja ya Marekani ni sawa na mbili za Barbados, hivyo safari ni dola 1.75.

Ugumu unaanzia kwenye nauli hiyohiyo. Nauli ikiwa moja, mwenye gari binafsi hupata faida kwa abiria wa safari fupi, maana kiti kimoja chaweza kuuzwa mara tatu kati ya Bridgetown na Oistins, kwenye pwani ya kusini. Ndiyo maana njia ya 11 ya kwenda Silver Sands, inayopita Hastings, Worthing na karibu na St Lawrence Gap, ina ZR zinazofuatana, wakati vijiji vya St Andrew hungoja basi la buluu. Basi hilo hilo hubeba bure wanafunzi waliovaa sare na wazee waliostaafu. Haki hizo ni njema na zinastahili kulindwa, lakini gharama yake inaangukia Bodi, ambayo tayari imeachiwa njia ndefu zenye abiria wachache.

Serikali ilijaribu kurekebisha hali hiyo kwa hatua kadhaa. Aprili 2019 nauli ilipanda kutoka dola 2 hadi 3.50, ongezeko la asilimia 75. Mwaka huohuo wenye magari binafsi waliruhusiwa kuhudumia njia za Bodi zilizokuwa na uhaba wa mabasi. Mwaka 2020 yakawasili mabasi 33 ya umeme ya kampuni ya BYD ya China, kuchukua nafasi ya magari yaliyochakaa.

Teksi inafanya kazi kwa kanuni nyingine kabisa. Haina mita, bei hutegemea mahali pa kuanzia na pa kufikia, na hukubaliwa kabla mlango haujafungwa, huku ikitajwa wazi ni dola ya nchi gani. Safari moja kutoka uwanja wa ndege wa Grantley Adams hadi pwani ya magharibi hugharimu mara nyingi zaidi ya nauli ya basi. Lakini mwenye masanduku makubwa, au ndege ya alfajiri, ana sababu ya kuilipia. Vivyo hivyo kwa familia inayotoka kula samaki Oistins usiku wa Ijumaa, ikiwa hoteli yao iko mbali na njia kuu.

Kwa Mbarbados wa kijijini teksi si mbadala wa kila siku. Mfanyakazi wa hoteli anayeishi St Joseph na kumaliza zamu usiku anahitaji basi la buluu lije kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba, na kipimo cha mageuzi yote haya ni kama linakuja.